Je, Wajua? Njia mbili za Frost zilikuwa sawa

Robert Frost wa Marekani anasifiwa kwa shairi la msafiri aliyefuata njia isiyopitwa na wengi. Lisome tena. Njia zote mbili zimechakaa karibu sawa. Ile habari ya njia ya wachache ataisimulia uzeeni, akishusha pumzi. Kwa raha au kwa majuto? Frost hasemi.

Alikuwa akimtania rafiki yake Mwingereza, Edward Thomas, aliyekuwa akijutia njia waliyoiacha matembezini. Shairi likachapishwa 1915. Mwaka huohuo Thomas akaingia jeshini; akauawa Arras, Ufaransa, Aprili 1917.

Pale Bigwa, Morogoro, utani huo usingekolea: barabara moja yaenda Dar es Salaam, nyingine Matombo hadi Kisaki. Ukikosea, konda atakwambia.