Hesabu ya Ulemavu wa Askari

Swali ambalo jamaa zetu waliolitumikia jeshi la Marekani hawachoki kuniletea, ijapokuwa nimekwisha kulijibu mara nyingi kupita kiasi, ni hili: maradhi ya nafsi yamekadiriwa asilimia 50, kipandauso 30, mgongo 20, na jumla yake ni 100, basi kwa nini Idara ya Maveterani imlipe mtu kwa 70? Na kabla sijafungua kinywa, muulizaji huwa ameshahukumu kwamba amedhulumiwa, na kwamba rufaa yake itakuwa juu ya hesabu hiyo.

Hasha! Asilimia hizi hazijumlishwi, wala hazikuwekwa ili zijumlishwe. Kanuni humchukua askari kuwa na nguvu 100 kamili, kisha kila dhara, kwa kuanzia lililo kubwa, likakata sehemu ya nguvu zilizosalia, si ya zile za awali. Kama vile mali ya marehemu inavyotolewa deni kwanza, ndipo wasia ukapimwa kwa kile kilichobaki. Dhara la 50 huacha 50. Asilimia 30 ya hizo ni 15, zikasalia 35. Asilimia 20 ya hizo ni 7. Zilizokatwa zote ni 72, nazo husogezwa kwenye kumi iliyo karibu, yaani 70. Hapana dhulma hapo, na anayeikatia rufaa hesabu hii anaupoteza mwaka wake bure.

Ghadhabu yangu hasa ni juu ya madalali wasio na kibali cha Idara, ambao huuza itikadi hii ya kujumlisha kama hirizi: «Ongeza maradhi mengine ya asilimia 10, utafika 100.» Aliye na 90 kamili, akiongezewa 10, hukatiwa moja tu katika zile kumi zilizosalia, akawa na 91, na malipo yake yakabaki yale yale ya 90, ilhali dalali amekwisha kumwandikisha mkataba wa kumlipa kutoka katika fidia ya mlemavu. Nao ni ujira wa haramu, maana sheria ya huko hairuhusu hata wakili mwenye kibali kutoza ada kabla ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na vyama vya maveterani huifanya kazi hiyo bila malipo.

Tazameni badala yake kila dhara limepewa asilimia ngapi, ni ushahidi gani wa tabibu unaoliunganisha na utumishi, na malipo yanaanzia tarehe ipi. Muulizaji wangu wa 70, maadamu dhara lake moja limefika 40 au zaidi, aweza kuomba alipwe kama mwenye 100 ikiwa madhara hayo yanamzuia kushika kazi ya kumkimu. Na haki hii aghalabu haiulizii. Asiyeridhika ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi: alete madai ya nyongeza yenye ushahidi mpya (haya hupokewa hata mwaka ukipita, ila tarehe ya awali ya malipo hupotea), au aombe mkaguzi wa daraja la juu ayapitie majalada yale yale bila ushahidi mpya, au aende kwa hakimu wa Baraza la Rufaa. Baraza likimkatalia, mahakama ipo, na muda wa kuiendea ni siku 120.