Hofu ya Mwanafunzi wa Uuguzi na Fadhila ya Mwenzi

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa uuguzi asiyeijua fadhaa ya siku ya kwanza wodini, pale somo alilolihifadhi barabara linapomtoka lote mgonjwa anapomnyooshea mkono, na sindano, ambayo jana ilikuwa chombo tu, inapogeuka mtihani mbele ya mkufunzi, mgonjwa na jamaa zake. Hofu hiyo si aibu, kwani asiyechelea kumdhuru binadamu mwenziwe hastahili kukabidhiwa uhai wa mtu. Lakini ikipita kiasi hutetemesha vidole na kuifunga akili, hata mtu asikumbuke kipimo cha dawa alichokitaja kwa ufasaha asubuhi ile ile.

Kwa ajili hiyo walimu wa fani hii wametafuta tangu zamani mahali ambapo mtu aweza kukosea bila ya kumwumiza yeyote. Mwaka 1911 chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford, Marekani, kilimpokea Bibi Chase, mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima aliyeundwa na Martha Jenkins Chase. Na mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norwei, aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto, akatoa sanamu ya kujifunzia kumpumulisha aliyekata pumzi. Hata hivyo sanamu, iwe bora namna gani, haiondoi hofu peke yake. La maana zaidi ni jinsi wanafunzi wanavyowekwa mbele yake, na hapo ndipo ilipo hekima ya mazoezi ya pamoja.

Mfano mzuri ni mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaliyozinduliwa mwaka 2010. Wanafunzi hukaa wawili wawili na mwanasesere mmoja, aliyejazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito wa kichanga mikononi. Mmoja huwa mkunga: humkausha mtoto, humsugua mgongo na, akimwona kimya, humwekea barakoa na kuubana mfuko wa hewa kabla dakika ya kwanza, iitwayo dakika ya dhahabu, haijapita. Mwenzake ameshika vipira vidogo vyenye mirija, ambavyo akivibonyeza mtoto hulia, au huvuta pumzi, au kitovu chake hupiga. Naye akiona hatua imesahauliwa, humwacha mtoto kimya. Kisha hubadilishana, na yule aliyekuwa akitazamwa huona kwa macho yake kwamba mtazamaji naye yu katika kujifunza, wala hakuwa kadhi wa kumhukumu.

Faida yake imeonekana. Katika hospitali 8 za Tanzania, kwa taarifa iliyochapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo. Lakini hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa ibra nyingine: mafunzo ya siku moja yaliwapa wahudumu ustadi mbele ya mwanasesere, ila chumbani mwa kujifungulia mwenendo wao haukubadilika, mpaka yalipowekwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini. Mkono huzoea kwa kurudia, na moyo hutulia kwa kuufuata mkono.

Walakini mwenzi aweza pia kuizidisha hofu, maana wako wanaoogopa kicheko cha rika kuliko karipio la mwalimu. Kwa hiyo imempasa mkufunzi, kabla ya zoezi, aeleze litakalotokea, awaonyeshe vyombo, na kuweka ahadi ya sitara kwamba kosa la chumbani halitasimuliwa nje. Na baada ya zoezi awaketishe wote, aanze kuwauliza watendaji wenyewe waliona nini na kwa nini walitenda hivyo, ndipo naye aseme lake. Asiye na wasaa wa kikao hicho ni afadhali aliahirishe zoezi, kwani mwanafunzi aliyekosea mbele ya wenzake akaachwa aende zake bila ya neno huichukua izara ile mpaka wodini, na atakayelipa ni mgonjwa.