Utazaa lini? Mimi pia naulizwa

Kama una miaka 25 hivi na unaishi Nairobi, najua swali uliloulizwa Krismasi ukiwa ushago. Umekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, unapambana na paja la kuku, mara mtu mzima anasema mbele ya watu wote: "Na wewe, utatuletea mtoto lini?" Unacheka kile kicheko cha uongo, unaomba soda nyingine.

Nimecheka hivyo miaka minne. Sasa swali limehamia ndani ya keja. Mpenzi wangu anafikisha miaka 30 Desemba. Mwezi jana alizima taa, akaniuliza gizani: "Unataka watoto ama hutaki? Sitakasirika. Nataka tu kujua." Nikajifanya nimelala. Usinihukumu.

Acha nikwambie nilikotoka. Mimi ni kifungua mimba, nina wadogo wanne. Niliacha chuo mwaka wa pili, na si kwa sababu ya bangi kama majirani walivyosambaza. Karo yangu na karo ya wadogo wangu wawili waliokuwa sekondari hazingetoshea kwenye mfuko mmoja wa mama anayeuza mitumba. Ilibidi mtu ashuke kwenye matatu. Nikashuka mimi. Tangu hapo nimenunua viatu vya shule, nimeenda mikutano ya wazazi, nimeitwa na mwalimu mkuu kwa sababu ya utundu ambao si wangu. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema kila mtoto huja na sahani yake, huwa nauliza: na unga je?

Wala si mimi na wewe tu tunaosita. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipata 3.4, na hapa Nairobi ni 2.5. Hao shosho wanaotuuliza maswali walizaa wanane, lakini mama zetu walishaanza kupunguza zamani bila kumtangazia mtu. Sisi tumeongeza kelele tu, na simu.

Sasa, je, mtoto huleta furaha? Mwaka 2011 watafiti wawili, Rachel Margolis na Mikko Myrskylä, walichapisha uchunguzi uliotumia majibu ya watu takriban 200,000 kutoka nchi 86. Kwa walio chini ya miaka 30, kadiri watoto walivyoongezeka ndivyo furaha ilivyopungua. Baada ya miaka 40 mambo yanageuka: wenye watoto wanaanza kuwa na furaha zaidi. Na tofauti hiyo ya uzeeni ina nguvu zaidi kwenye nchi ambazo mzee hutegemea familia yake, si serikali.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena, halafu ufikirie Kenya. Sheria ya ajira inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara na baba wiki mbili, lakini hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Mwenye boda hana. Mimi ninayelipwa kwa makala sina. Ndiyo maana daipa huuzwa mojamoja dukani mtaani, na mzazi wa miaka 24 anaonekana amechoka kama mlinzi wa usiku. Ukifika miaka 70, kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazijazi hata mtungi wa gesi wa kilo 13. Kwa hivyo mzazi wako anapokuuliza utazaa lini, wakati mwingine anauliza kitu kingine: nani atakuuguza?

Si swali la ujinga. Ila jibu lake si lazima liwe mtoto. Mama mwenye ploti ninayokaa ana watoto watano. Watatu wako ng'ambo. Pesa za M-Pesa hazikosi, lakini mtungi ukiisha, anayeitwa kuubadilisha ni mimi.

Na kuna shangazi yangu, fundi wa nguo kule Webuye. Hakuzaa. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wakimwita tasa, kwa sauti ile ya chini ambayo mtoto ndiyo huisikia vizuri zaidi. Sare zangu zote za shule ya msingi alishona yeye, na za binamu zangu pia, na za watoto wa jirani ambao hawakulipa mpaka leo. Alipovunjika mguu miaka miwili iliyopita, grupu ya WhatsApp ilijaa usiku huohuo. Wapwa tisa tuligawana bili ya hospitali. Binamu yangu mmoja alihamia kwake miezi mitatu, akawa anamuogesha.

Wiki iliyopita nilimpigia. "Shangazi, umewahi kujuta?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia cherehani ikisimama.

"Kuna miaka nililia, baba. Kutoka thelathini na tano mpaka arobaini na mbili hivi. Halafu nikachoka kulia, nikanunua cherehani ya pili." Akacheka. "Lakini usiniandike huko kwa gazeti kama mfano. Hata sasa kuna siku za Jumapili nakaa hapa naona watu wakipita na watoto wao, na mimi najua ninachojua."

Ndivyo alivyosema, na nimeandika hata hivyo. Atanisamehe. Nilitaka ujue kuwa hata yule anayependwa na wapwa tisa ana Jumapili zake.

Kama hutaki mtoto, usizae ili upate bima ya uzee. Huyo mtoto atakuja kuijua kazi aliyoletwa kufanya, nami naijua hiyo kazi. Lakini usidhani pia kwamba kukataa ni kupumzika. Shangazi alishona miaka thelathini kabla mtu hajamuogesha.

Na mimi? Nilidhani sitaki. Nilipomweleza shangazi habari za viatu vya shule na mikutano ya wazazi, akanikata kauli: "Wewe hujakataa watoto. Wewe umechoka. Sasa mbona unanipigia mimi na msichana wa watu anangoja?"

Sikuwa na jibu. Jana nilimtumia mpenzi wangu ujumbe akiwa kazini, nikamwambia siku ile sikuwa nimelala. Akajibu, "Nilijua." Jumamosi hana zamu. Tutaongea mchana.