Umeme na Maumivu ya Viungo

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Ipole, kusini ya Tabora, twayajua sana maumivu ya viuno na magoti. Babu zetu walichukua mizigo ya misafara kutoka Bagamoyo hata Ujiji, ratili 60 na zaidi begani mwa kila mtu. Nasi twalima kwa jembe na kupeleka mizinga ya nyuki mwituni. Basi leo twataka kueleza dawa moja isiyonywewa wala kupakwa, nayo ni umeme.

Jambo hili si geni. Katika Ziwa Tanganyika, huko njia ile ya misafara ilikofika, yumo samaki wa jamii ya kambare mwenye umeme mwilini, amgusaye hushtuka. Wamisri wa kale walimchora ndugu yake wa Mto Nile katika makaburi yao. Naye Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, yapata mwaka 47 baada ya Kristo, aliandika kwamba mwenye jongo amkanyage samaki wa baharini mwenye nguvu kama hiyo, mpaka mguu ufe ganzi hata gotini.

Siku hizi samaki hahitajiwi. Hutumiwa kisanduku chenye betri ndogo, nyaya, na vibandiko vya kuwekwa juu ya ngozi. Mgonjwa husikia kama sisimizi wanamtambaa. Je, hufanyaje kazi? Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kama mlango, ambao habari za maumivu hupitia kwenda ubongoni. Habari za mguso zikiingia kwa wingi, mlango huo hufungwa kidogo. Ndiyo sababu mtoto aliyejikwaa husugua kidole chake akapata nafuu.

Lakini tufahamu vema: umeme huu hutuliza maumivu, hauponyi ugonjwa. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Na goti lililochakaa halirudi kuwa jipya. Mwenye chombo cha kuongoza mapigo ya moyo asiutumie bila idhini ya daktari. Mjamzito asiwekewe tumboni. Wala mtu yeyote asiwekewe kooni. Tena mtu asithubutu kuunga mwilini nyaya za umeme wa nyumba: huo huua.

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, au mguu ukilegea ghafula, twende hospitali upesi. Maumivu ni mlinzi wa mwili; kumnyamazisha mlinzi si kumkamata mwizi.