"Layla": Wimbo Mmoja, Mahadhi Mengi

Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba wimbo ukishatiwa kwenye santuri umekamilika, na mwimbaji akiubadilisha jukwaani, ati ameuharibu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ninyi mnaoghani mashairi hapa chamani mnajua kuwa beti zile zile huimbwa kwa mahadhi mbalimbali. Muziki wa roki nao ni vivyo hivyo. Chukueni mfano wa "Layla", wimbo wa Mwingereza Eric Clapton.

Clapton na mpiga ngoma wake, Jim Gordon, ndio watunzi. Waliurekodi mjini Miami, Marekani, mwaka 1970, wakiwa na kundi la Derek and the Dominos. Jina lilitoka katika kisa cha Laila na Majnuni cha mshairi wa Kiajemi, Nizami. Majnuni ni yule aliyerukwa na akili kwa mapenzi. Clapton naye, akiwa na miaka 25, alikuwa hoi kwa mke wa rafiki yake, George Harrison wa Beatles. (Makubwa hayo!) Basi si ajabu kwamba wimbo wenyewe ni mayowe matupu. Magitaa yanalia, Duane Allman anatelezesha kichupa cha dawa juu ya nyuzi, kisha kelele zinapoa na piano inashika usukani. Wote unachukua zaidi ya dakika 7.

Kundi lilivunjika mwaka 1971, na mwaka huo huo Allman akafa katika ajali ya pikipiki. Tangu hapo Clapton alilazimika kuupiga na watu wengine, na kila mpigaji huja na mkono wake. Hata hivyo, kule Philadelphia mwaka 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, bado ulikuwa wimbo wa gitaa la umeme.

Ulipinduka mwaka 1992. Huko Bray, Uingereza, mbele ya kamera za televisheni, Clapton aliketi kitini na gitaa la kawaida, akawaambia wasikilizaji wajaribu kuutambua wimbo. Mwendo ulikuwa wa taratibu, sauti ya chini, na ile piano ya mwisho haikuwapo. Kumbukeni kwamba yule mwanamke alikwisha kumwoa, na walikwisha kuachana. Sasa angempigia nani mayowe? Mwaka 1993 wimbo huo wa 1970 ulitunukiwa Grammy ya wimbo bora wa roki, kana kwamba umezaliwa jana!

Nikiambiwa nichague, nachagua ule wa 2011, alioupiga New York pamoja na Wynton Marsalis. Tarumbeta na klarineti zinaomboleza, na mwendo ni ule wa wapigaji wa New Orleans wanaposindikiza jeneza. Maneno ni ya kijana wa miaka 25, lakini anayeyaimba ana miaka 66, wala hana haraka.