Vumbi Baridi Linalozizunguka Nyota

Mwaka 1983 setilaiti iitwayo IRAS iligundua kwamba Vega, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 25 kutoka kwetu, inatoa mionzi ya joto mingi kuliko ilivyotazamiwa. Joto hilo la ziada halikutoka katika nyota yenyewe, bali katika vumbi linaloizunguka.

Vumbi la namna hii ni baridi mno, karibu nyuzi 200 za sentigredi chini ya sifuri. Kitu baridi hivyo hakitoi nuru ionekanayo kwa macho, lakini hutoa mawimbi ambayo urefu wake unakaribia milimita moja. Mvuke wa maji uliomo hewani huyafyonza mawimbi hayo. Ndiyo sababu darubini za kuyapokea hujengwa juu ya milima mirefu yenye hewa kavu. Mojawapo ni darubini ya James Clerk Maxwell, yenye kipenyo cha meta 15, iliyoko Mauna Kea, Hawaii, penye kimo cha zaidi ya meta 4,000. Mwaka 1998 ilionyesha kwamba vumbi la nyota Fomalhaut na Epsilon Eridani limejipanga mfano wa pete.

Je, vumbi hilo limetoka wapi? Chembe zake hazidumu. Zile ndogo kabisa husukumwa nje na nuru ya nyota. Nyingine huivutikia nyota polepole mpaka zikateketea. Fomalhaut ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, hivyo vumbi lake la awali lingalikwisha zamani. Basi lazima liwe linazalishwa upya: mawe na mapande ya barafu, masalio ya ujenzi wa sayari, hugongana na kusagika. Hata Jua letu lina ukanda wa masalio hayo, ng'ambo ya sayari Neptuni.

Mwaka 2004 darubini hiyo ilitumika kuonyesha kwamba Tau Ceti, nyota inayofanana na Jua, ina masalio zaidi ya mara kumi ya yale yetu. Sayari yoyote huko yaelekea hupigwa mara nyingi zaidi. Jiwe moja lililoipiga Dunia miaka milioni 66 iliyopita liliwaangamiza dinosaria. Kwa hiyo, anayetafuta uhai kwingineko hatosheki kuona nyota ifananayo na Jua. Hana budi kulipima na vumbi lake.