Tarakimu ya Nne ya /tmp

Kisiwani Chale, kusini mwa Diani, kuna msitu mtakatifu wa kaya. Miiko ya makaya ya Wadigo hutenganisha mambo mawili: ukiruhusiwa kuingia, hujaruhusiwa kukata mti wala kuondoka na kitu.

Unix, na Linux iliyofuata nyayo zake, kwa kawaida haitenganishi hivyo. Mwenye ruhusa ya kuandika ndani ya saraka anaweza kufuta hata faili la mwenzake, kwa kuwa kufuta ni kuondoa jina kwenye orodha ya saraka; faili lenyewe haliulizwi. Hatari iko kwenye saraka ya /tmp, ambamo programu nyingi huweka mafaili yao ya muda. Mwaka 1986, toleo la 4.3BSD lilileta dawa: alama ya ziada ambayo, ikiwekwa kwenye saraka, faili hufutwa na mwenyewe, mwenye saraka au msimamizi mkuu tu.

Sasa tuseme kompyuta ya saiba pale Ukunda inagoma kufungua hati, ikilalamika kuhusu ruhusa za /tmp. Andika:

ls -ld /tmp

Jibu zuri huanza na drwxrwxrwt. Baada ya d ya saraka kuna herufi tatutatu: za mwenyewe, za kundi lake, na za watu wengine. Kusoma ni 4, kuandika 2, kupita 1; jumla 7. Ile t ya mwisho ndiyo alama ya ulinzi, nayo huandikwa 1 mbele: 1777.

Ukiona drwxr-xr-x, watumiaji wa kawaida hawawezi kuandika humo. Ukiona drwxrwxrwx, wote wanaandika lakini ulinzi haupo, na programu makini, kama zile za Ruby, hutoa onyo. Tiba ni moja:

sudo chown root:root /tmp
sudo chmod 1777 /tmp

Usiongeze -R, maana utafungua hata mafaili ya siri yaliyomo. Tatizo likibaki, angalia kigezo cha mazingira TMPDIR kimeelekezwa wapi, kisha df -h ikuonyeshe kama diski imejaa.

Wengi hukimbilia chmod 777. Ni kweli, hati itafunguka. Lakini tarakimu tatu hufuta ile ya nne, na kuanzia hapo mtumiaji mmoja wa kompyuta hiyo anaweza kufuta kazi ya mwenzake.